Matanga ya Jumamosi

Wenzangu wa chumba cha walimu, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kilichonipata Mombasa, nami najifanya nasahihisha madaftari. Si kwamba sitaki kusema. Ni uchovu, na ni aibu kidogo pia, kwa sababu mimi ndiye ninayewafundisha watoto wenu Kiswahili, na safari nzima niliifunga kwa neno moja ambalo sikulielewa. Sasa nimekaa, miguu imo ndani ya karai la maji ya chumvi. Nitawaandikia yote mara moja, mpeane msome, nisilazimike kuyarudia.

Bungoma hadi Nairobi

Telegramu ilifika Jumatano alasiri, mwezi wa pili, ile mvua ya El Niño ikiwa bado inatusumbua. Ilisema: YUSUF AMEFARIKI. MATANGA JUMAMOSI KIBOKONI.

Yusuf ni kaka yangu Wafula. Wengi wenu hamkumjua, maana alishuka pwani miaka kumi na moja iliyopita kutafuta kazi ya bandarini, akaipata, akamwoa Mwanaisha, binti wa Kibokoni, akasilimu. Baba hakumkana. Aliacha tu kumtaja. Barua zikija, Mama alinipa mimi nimsomee kule jikoni.

Baba aliisoma telegramu mara tatu kama mtu anayetafuta kosa. Kisha akanirudishia.

"Nenda ukamlete," akasema. "Tutachimba kaburi. Ukifika naye, atakuta pako tayari."

Sasa nyinyi mnajua kwetu matanga ni nini. Mwili umelazwa nyumbani, watu wamekesha kando ya moto, siku ya mwisho wanazika. Kwa hiyo sote, Baba, Mama, ami zangu na mimi mwenye cheti changu cha ualimu, tulisoma Jumamosi tukaelewa kwamba Jumamosi anazikwa. Nilikuwa na siku mbili na kitu za kufika na kuwaomba wakwe zake wanipe mwili. Najua mtakachouliza: hukujua kwamba Waislamu huzika upesi? Nilijua. Lakini telegramu ilinipa Jumamosi, na nilikuwa na haja na hiyo Jumamosi, nikaishika.

Alhamisi alfajiri nikapanda basi. Gurudumu lilipasuka kabla ya Eldoret, na Timboroa tulisimama saa nzima kwenye baridi dereva akigombana na mtu juu ya mbuzi aliyefungwa juu ya basi. Jirani yangu, mzee wa kanisa kutoka Kimilili, aliniuliza ninakwenda wapi. Nilipomwambia, akasema pole. Akamwambia aliyekaa nyuma, naye akasema pole, na pole ile ikasafiri kiti kwa kiti hadi mlangoni. Kufika Nakuru nilikuwa nimejibu "asante" mpaka neno likakosa ladha. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimeambiwa pole kwa kukanyagwa mguu na kwa kumwagikiwa chai. Nilianza kufikiri kwamba lugha yetu ya bara ina mfuko mmoja tu, na kila kitu tunakitia humo.

Nililala Nairobi kwa binamu yangu, na asubuhi ya Ijumaa nikawa kituoni.

Tope

Barabara ya Mombasa wakati ule haikuwa barabara. Mliisikia redioni, lakini redio haina harufu. Tulipopita Emali tukakuta malori yamejipanga mpaka macho yanapoishia, la mbele kabisa limezama hadi vioo. Dereva akazima injini, akavua viatu, akalala juu ya usukani. Hiyo ilikuwa saa tano asubuhi.

Akina mama wa pale walikuwa wamezoea. Walikuja na ndoo za mahindi ya kuchemsha, na mmoja alikuwa na sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akitupakulia kwenye vifuniko vya plastiki. Nilikula nimesimama, tope limefika kwenye vifundo vya miguu.

Hapo ndipo lilipotokea la kwanza la kuchekesha, ingawa sikucheka. Utingo aliniuliza kwa nini nina haraka, nikamjibu, "Nimekuja kuchukua maiti ya kaka yangu." Nadhani alisikia nusu. Baada ya muda nikaona abiria wamerudi nyuma kutoka kwenye basi, wanatazama juu kwenye mizigo. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu akatangaza kwamba hapandi tena basi lenye maiti, na kwamba ndiyo maana tumekwama.

"Iko wapi?" akaniuliza. "Ndani ya lile gunia?"

"Gunia lile ni la viazi," nikasema. "Si langu. Mimi sina maiti. Ndiyo naiendea."

"Sasa kwa nini ulisema unayo?"

"Sikusema."

Alinitazama, kisha akalitazama gunia. Mama mmoja wa Kitaita, mpole, aliyekuwa akishukia Voi, akanishika mkono akaniketisha kwenye jiwe kando yake. "Mwache," akasema. "Watu wakichoka husikia wanachotaka."

Nimelifikiria sana neno lile baadaye.

Tulivutwa kutoka matopeni na trekta Jumamosi alfajiri. Voi tulinywa chai bila kushuka. Nilikuwa nahesabu kila mji: Maungu, Samburu, Mariakani. Nilikuwa nikisema moyoni, wasimzike kabla ya saa kumi, tafadhali, wasimzike kabla ya saa kumi.

Tononoka

Nilishuka Mwembe Tayari saa nane mchana. Jua lilikuwa kali la kuumiza macho, na tope la Emali lilikuwa limenikaukia miguuni kama soksi. Kibokoni sikuwa na nyumba ya kuulizia, ila barua za Wafula zilikuwa na anwani ya Tononoka, chumba walichopanga yeye na Mwanaisha. Nikaenda huko.

Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani akatoka, mama wa Kigiriama aitwaye Mama Kadzo, anapika kwenye shule moja ya hapo karibu. Alinitazama uso, hakuniuliza mimi ni nani.

"Umefanana naye," akasema. Kisha akasema, "Makiwa, mwanangu."

Mimi nikasema, "Asante."

Akangoja kidogo, kama mtu aliyenyoosha mkono ukaachwa hewani. Nilidhani amenipa salamu ya kwao. Nikauliza kama nimechelewa.

"Matanga yaondoka leo," akasema. "Ukifanya haraka utawakuta."

Jamani, nilifurahi. Yaondoka! Kwetu kinachoondoka ni mwili, kutoka nyumbani kwenda kaburini. Nikaona jeneza linatoka mlangoni, nami nakimbia kulishika. Mama Kadzo akajifunga leso, akaniambia nimfuate, na nikamfuata nikikimbia nusu, tukaikata Ndia Kuu katikati ya maduka ya vinyago na wazungu waliokuwa wakipiga picha milango, tukaingia vichochoro ambavyo peke yangu nisingetoka tena.

Kibokoni

Mbele ya nyumba, barazani, wanaume wawili walikuwa wakikunja majamvi. Mwingine alikuwa akiyaegemeza masufuria makubwa ukutani yakauke. Nilitafuta umati, nikatafuta jeneza. Ndani nilisikia wanawake na harufu ya udi, na wali ulioungulia chini.

Mama mtu mzima akatoka kunipokea. Alikuwa Bi Zena, mama yake Mwanaisha. Mama Kadzo akamnong'oneza. Bi Zena akanikumbatia na tope langu lote.

"Makiwa," akasema.

"Asante," nikasema. "Mwili uko wapi?"

Akaniachia polepole. "Mwili upi, mwanangu?"

"Wa Wafula. Yusuf. Nimekuja kumchukua. Mmesema matanga ni leo."

Wanaume wa barazani wakaacha kukunja. Bi Zena akamtazama Mama Kadzo, akanitazama mimi, na nikaona amefahamu kabla yangu.

"Yusuf alizikwa Jumatano," akasema. "Baada ya swala ya adhuhuri. Leo ndiyo twaondoa matanga. Siku tatu za watu kukaa nasi zimekwisha, kila mtu yuwarudi kwake."

Sitawaficha. Nilipaza sauti. Nilisema mmemzika kaka yangu bila mtu wa kwao hata mmoja. Nilisema mama yake yuko nyumbani anangojea, na kaburi limechimbwa. Nilisema mambo mengine ya dini ambayo sitayaandika hapa. Hakuna aliyenijibu kwa ukali. Nilipomaliza, Bi Zena akasema tu, "Ndoo, ingia ndani. Mwenziyo yuko eda, hawezi kutoka kukulaki. Nenda wewe kwake."

Mwanaisha alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, amevaa nguo nyeupe isiyo na urembo, kichwa amefunika. Sikuwahi kumwona. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na amekonda. Hakuinuka, alinyoosha mikono. Nilikuwa nimeingia na maneno makali mdomoni, na niliyapoteza yote pale kizingitini.

"Homa ilimkamata siku nne tu," akasema. "Siku ya tatu alikuwa akiniita kwa jina lako. Akisema, Nekesa, funga mlango, mvua yaingia."

Nikaketi. Tulilia kwa muda mrefu, na hilo halina la kusimulia.

Wanawake walikuwa wakiingia mmoja mmoja kuaga. Kila aliyeingia alisema, "Makiwa," na Mwanaisha akajibu, "Tunayo." Mara ya tatu au ya nne nikamwuliza ni kitu gani hicho walicho nacho. Wanawake wawili wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Si wewe mwalimu wa Kiswahili?" Mwanaisha akauliza. "Yusuf alituambia kwa kujivuna."

"Nafundisha. Hili sikulifundishwa."

Bi Zena alikuwa ameleta sinia: mahamri, mbaazi za nazi, kikombe cha chai ya tangawizi. Akaketi kuhakikisha kwamba nakula, na akanieleza kama mtu anavyomweleza mgeni mahali pa kutawadhia.

"Ni ya ukiwa hiyo. Nyumba iliyohamwa huitwaje? Ukiwa. Mtu asiye na watu wake, mkiwa. Basi mtu akifa, nyumba nzima huingia ukiwa, na sisi twaja kukwambia kwamba twauona. Nawe wajibu, tunayo. Ndiyo, tumekuwa wakiwa, hatukatai."

"Na mimi nimesema asante."

"Umesema asante mara mbili," akasema, "na kwangu na kwa Mama Kadzo. Hapana neno. Ulikuwa hujapewa."

Nikamwuliza matanga. Alifikiri. Akasema wazee walikuwa wakisema zamani wageni wa msiba walitandikiwa matanga ya vyombo, ile nguo ya tanga, wakalala juu yake, kwa sababu hakuna nyumba yenye mikeka ya kutosha watu wote hao. Wengine husema si hivyo. "Mimi sikuyaona," akasema. "Nimeyasikia tu. Lakini kitu cha kutandikwa, hicho najua. Na kilichotandikwa lazima kiondolewe. Watu wakiachwa wakae tu, mwenye msiba hatapumua."

Kwa hiyo kwao matanga yanakuja baada ya kuzika, na kwetu kabla. Neno moja, na katikati yake kaka yangu ameshuka ardhini. Nilikaa na hamri moja mkononi nikiwaza hayo, na sikuweza kulimaliza.

Kaka yake Mwanaisha, Athmani, fundi wa kuchonga milango, alisimama nje ya pazia akanisalimia. "Sabalkheri" haikuwa tena, ilikuwa "msalkheri." Ndiye aliyetuma telegramu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akiogopa kuja.

"Dada Nekesa, kosa ni langu," akasema. "Niliandika kwa maneno machache. Nilidhani mtajua ashazikwa. Huku tukisikia matanga, twajua maiti ashatangulia."

"Mngeweza kungoja," nikasema.

"Hatungeweza. Kwetu kumweka ni kumtesa."

"Na kwetu kumzika mbali ni kumpoteza."

Kisha akasema, "Basi tumetesana bila kukusudia." Nikasikia anakohoa, nikajua analia, na kwamba ndiyo maana amebaki nje ya pazia.

Jioni, watu walipokwisha, Mwanaisha aliniuliza kwetu tunaitaje huzuni. Nikamwambia kwa Kibukusu sijui neno lililo sawasawa, ila machozi tunayaita kamasika, na mtu akisema ametoka kwenye kamasika, tunaelewa ametoka kwenye kilio.

"Masika?" akasema. "Kama mvua?"

"Sio ile. Inafanana tu."

"Siku zote hizi inanyesha," akasema, "nami matozi yamenikauka, nimefiliwa na mume na siwezi hata kulia ipasavyo. Leo ndipo yametoka."

Nimefiliwa. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliyehamia kwetu kutoka pwani aliandika neno hilo kwenye insha, nikamchorea mstari mwekundu, nikaandika pembeni: *nimefiwa*. Mnamkumbuka. Nitamwomba radhi.

Makaburini

Jumapili asubuhi nilimwomba Athmani anipeleke. Alisitasita, kisha akasema nitasimama pembeni ya ukuta na hapo nitapaona. Tulikwenda kwa miguu, jua likiwa bado changa, akanieleza njiani kwamba neno *tanzia* ninalolifundisha kuwa ni habari ya msiba, maalim wake alimwambia linatokana na neno la Kiarabu la kuliwaza. "Kwa hiyo hata wanaotangaza kifo," akasema, "kwa asili walikuwa wakienda kumpoza mtu moyo." Alikuwa akijaribu. Nilimwacha ajaribu.

Kaburi lilikuwa kama mengine ya mstari ule, udongo mwekundu uliokolea kwa mvua, kibao kifupi kisicho na jina. Lingekuwa peke yake nisingelijua.

"Nani alimwosha?" nikauliza.

"Mimi, na wenzangu wawili wa msikitini. Nami nilishuka ndani kumpokea."

"Alikuwa mzito?"

Aliniangalia kwa mshangao, kisha akaelewa kwamba nilikuwa nauliza kweli.

"Hapana," akasema. "Homa ilimmaliza. Alikuwa mwepesi. Nilimshika hivi." Akaonyesha kwa mikono yake ya fundi, kama mtu anayepokea kitu kisichostahili kugongwa.

Nilitazama mikono ile. Nikaona kwamba sitaweza kupeleka nyumbani zaidi ya hicho.

Kurudi

Sitawachosha na barabara ya kurudi. Tope lilikuwa lile lile, na mama wa muthokoi alinikumbuka. Nilimuaga Mwanaisha Jumapili mchana. Bi Zena alinifungia mahamri kwenye gazeti, na aliposema buriani nami nikamjibu buriani, neno nililofundishwa barabara, walau hilo. Nilifika kwetu Jumanne, mvua inanyunya.

Kaburi lilikuwa kando ya migomba, wazi, limejaa maji nusu. Ami zangu wawili walikuwa wameketi chini ya turubai. Walitazama nyuma yangu njiani, wakitafuta gari. Baba akasimama.

"Yuko wapi?"

Nikawaambia. Niliyasema yote nimesimama, kwa sababu nilijua nikiketi nitalala. Nilieleza matanga yao na yetu, na Jumatano na Jumamosi. Ami mmoja akasema tumedanganywa. Nikamwambia hapana, hatukudanganywa, tulisoma vibaya, na mimi ndiye niliyesoma.

Baba aligeuka akalitazama shimo. Kisha akasema kaburi lililochimbwa haliwezi kuachwa na kinywa wazi; tukate mgomba, tuuzike mahali pa mtoto, kama inavyofanywa kwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Ami yangu akainuka kufuata panga.

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni. Akaniuliza kitu kimoja tu, kile kile nilichomwuliza Athmani, nani alimwosha. Nikamwonyesha kwa mikono yangu jinsi alivyoshikwa. Aliitazama sana.

"Hakuna kuzika mgomba," akasema.

"Kaburi liko wazi," Baba akamwambia.

"Mgomba ni wa mtu aliyepotea. Wangu hajapotea. Ameoshwa, amepokewa, ana mahali. Lifukieni tupu."

Ami akasema jambo kama hilo halijapata kutokea. Mama akamjibu kwamba basi limetokea leo. Tuliwangojea Baba na Mama wakitazamana. Halafu Baba akavua koti, akalitundika kwenye mgomba, akachukua jembe akaanza kurudisha udongo ndani ya maji. Ami zangu wakasimama wakimtazama, kisha mmoja baada ya mwingine wakamsaidia. Baba alikuwa akisema kitu kila aliposhusha jembe. Nilisogea karibu nikamsikia. Alikuwa akisema, "Yusuf. Yusuf." Polepole, kama mtu anayejizoeza jina.

Usiku nililala kama gogo. Asubuhi Mama alikuja na chai ya maziwa akaketi kitandani pangu, akaniuliza yule msichana atakaa ndani mpaka lini. Nikamweleza eda, miezi minne na siku kumi. Akahesabu kwa vidole, akafika mwezi wa sita.

"Akitoka, nataka nimkute mlangoni," akasema. "Utanipeleka."

Nimemwambia nitampeleka. Habari ya barabara sikumwambia.